Vifaa vya Skii Mbele ya Mizani ya Uwanja wa Ndege

Mchezo wa skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa vibao viwili vyembamba na virefu vinavyofungwa miguuni, ni miongoni mwa michezo michache ambayo vifaa vyake huweza kumaliza sehemu kubwa ya uzito anaoruhusiwa msafiri wa ndege kabla hajaweka begini shati wala mswaki. Jozi ya skii za kuteremkia milimani pamoja na vifungio vyake, ambavyo ni mitambo midogo yenye springi inayoshika buti na kuiachia mchezaji anapoanguka, huwa na uzito wa kati ya kilo 5 na 8. Jozi ya buti, ambazo ganda lake la nje ni la plastiki ngumu, huwa kati ya kilo 3.5 na 4.5. Fimbo mbili za kujisawazishia huongeza takriban nusu kilo, helmeti nusu kilo nyingine, na mfuko mrefu wenye magurudumu, ambao wengi husahau kabisa kuuhesabu, huweza kuwa na kilo 3 au 4 ukiwa mtupu. Hivyo mchezaji huwa amekwisha kutumia kati ya kilo 12.5 na 17.5, ilhali kikomo cha kawaida cha begi moja katika daraja la kawaida la ndege ni kilo 23, na bado hajafikia jaketi, suruali ya theluji, glavu, soksi nzito na fulana za kuhifadhi joto.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili wengi kuliko inavyodhaniwa. Wako wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambao watoto wao hupelekwa milimani na shule wakati wa baridi. Wako wanafunzi na wafanyakazi walioanza kuupenda mchezo huu ughaibuni na wanaotaka kurudi milimani kila msimu. Na wako wanaoishi katika nchi za Ghuba, ambako tangu mwaka 2005 kuna mlima wa ndani uitwao Ski Dubai, ingawa huko mgeni hupewa mavazi na vifaa mlangoni na kwa hiyo hana sababu ya kubeba chochote. Mzigo huwa mada pale safari inapoelekea kwenye milima yenyewe, kwa mfano Alpi, safu ya milima inayopita Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, ambayo uwanja wa ndege wa Geneva ni mojawapo ya milango yake mikuu. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa suala la kukunja nguo kwa ustadi na kubana zipu, na hapo ndipo wanapokosea. Kimsingi ni suala la kuchagua, na uchaguzi huo haufanyiki vizuri mpaka msafiri aelewe kikomo cha uzito kimewekwa kwa ajili ya nani na kwa nini.

Mashirika ya ndege hutumia mifumo miwili ya kuhesabu mizigo. Katika mfumo wa kwanza, abiria hupewa idadi ya mabegi, na kila begi huwa na kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23, sawa na ratili 50 zinazotumika Marekani, na kwa madaraja ya juu ni kilo 32, sawa na ratili 70. Katika mfumo wa pili, abiria hupewa jumla ya uzito, kwa mfano kilo 30, naye huigawa atakavyo katika mabegi yake. Tofauti hii ni muhimu sana kwa mwenye skii, kwa sababu katika mfumo wa idadi ya mabegi mfuko wa skii wenye kilo 10 tu huhesabiwa begi zima, na kilo 13 zilizobaki hupotea asipozitumia, ilhali katika mfumo wa jumla ya uzito kilo hizo hubaki mkononi mwake. Mifumo yote miwili hukutana katika jambo moja: viwanja na mashirika mengi hayapokei kabisa begi moja linalozidi kilo 32, hata kama abiria yuko tayari kulipia, bali humtaka alifungue na kuligawa.

Sababu ya ukali huo ni migongo ya watu. Msafiri huliona begi lake likienda juu ya mkanda na kutoweka nyuma ya pazia la mpira, akadhani kwamba kuanzia hapo mashine ndiyo inayolibeba mpaka mwisho wa safari. Mambo hayako hivyo. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, ijulikanayo kwa kifupi kama NIOSH, ilirekebisha kanuni yake ya kukadiria unyanyuaji salama wa mizigo kwa mikono, na katika kanuni hiyo uzito wa juu kabisa, hali zote zikiwa bora, ni kilo 23. Hali bora maana yake ni kwamba mzigo uko karibu na mwili, una mahali pazuri pa kushika, mnyanyuaji hajipindi kiuno, hainami sana, wala harudii kitendo hicho mara nyingi kwa saa. Kadiri mambo hayo yanavyokosekana, ndivyo uzito unaopendekezwa unavyoshuka.

Sasa ni vyema kutazama hali halisi ya mpakia mizigo. Ndege za njia moja ya kati kama Boeing 737, ambazo hufanya sehemu kubwa ya safari fupi za Ulaya, hazitumii makontena ya mizigo. Kila begi huingizwa tumboni mwa ndege kwa mikono na kupangwa moja moja. Dari ya sehemu hiyo ni ya chini kiasi kwamba mtu mzima hawezi kusimama, hivyo mfanyakazi hupiga magoti au huketi, akapokea begi kutoka upande mmoja na kulisukuma upande mwingine kwa kujipinda, na hufanya hivyo kwa mamia ya mabegi katika zamu moja. Mfuko wa skii ni mgumu zaidi kwake kuliko sanduku la kawaida, kwa kuwa urefu wake unamlazimu kuushika mbali na kifua chake na kuuzungusha katika nafasi finyu. Anayejaza kilo 31 katika mfuko wa mita 2 huenda amefuata sheria iliyoandikwa kwenye tiketi yake, lakini amemtwisha binadamu mwenzake kazi ambayo hakuna mtaalamu wa afya angeiidhinisha. Mfuko wa skii wenye kilo 15 ni adabu kwa mtu ambaye msafiri hatamwona kamwe.

Iko pia hesabu ya ndege yenyewe. Kila ndege ina uzito wa juu inaoruhusiwa kuwa nao inaporuka, na uzito huo hugawanywa kati ya mwili wa ndege, mafuta, abiria, mizigo ya abiria na shehena ya biashara. Uzito ukiongezeka, mafuta ya kuubeba huongezeka, na mafuta hayo nayo yana uzito. Aidha, mizigo hupangwa kwa uwiano kati ya mbele na nyuma ili ndege isielemee upande mmoja. Kwa ndege kubwa, skii za abiria wachache ni jambo dogo. Kwa ndege ndogo za pangaboi zinazohudumia baadhi ya viwanja vya milimani, skii za abiria 40 zinaweza kujaza tumbo lote, na ndiyo maana mashirika mengi humtaka msafiri aandikishe vifaa vyake siku kadhaa kabla ya safari badala ya kutokea navyo kaunta asubuhi ya kuondoka.

Uzito hauji peke yake. Huandamana na ukubwa. Kipimo kinachotumika sana ni jumla ya urefu, upana na kimo cha begi, ambayo haitakiwi kuzidi sentimita 158. Skii za mtu mzima wa wastani zina urefu wa kati ya sentimita 150 na 185, kwa hiyo mara nyingi urefu wake peke yake unakaribia au kupita kipimo hicho kabla upana wa mfuko haujahesabiwa. Iwapo kanuni hiyo ingetekelezwa bila msamaha, karibu hakuna skii ya mtu mzima ambayo ingepanda ndege bila tozo ya ukubwa. Kwa bahati nzuri, mashirika mengi yameviweka vifaa vya skii katika kundi la vifaa vya michezo, na humsamehe abiria tozo ya ukubwa huku yakishikilia kikomo cha uzito. Mfuko wenyewe, hata hivyo, haupiti njia ya masanduku mengine, kwa sababu kona za mikanda ya viwanja vya ndege zimeundwa kwa mabegi mafupi na kitu kirefu hukwama. Hivyo msafiri huelekezwa kwenye kaunta maalumu ya mizigo mikubwa, na akifika mwisho wa safari huupokea mfuko wake mahali tofauti na pale yanapozunguka masanduku. Anayebadilisha ndege au anayewahi treni anapaswa kuuhesabu muda huo pia.

Kanuni za mashirika kuhusu skii hutofautiana, lakini kwa jumla ziko za namna mbili. Namna ya kwanza, iliyozoeleka kwa mashirika makubwa ya Marekani, huuhesabu mfuko wa skii na mfuko wa buti kuwa begi moja, mradi jumla yake isizidi kilo 23. Hii ni fursa nzuri, ila ina sharti ambalo wengi hulipuuza: baadhi ya mashirika husema wazi kwamba mifuko hiyo miwili ibebe vifaa vya skii tu, na mfanyakazi akikuta suruali za jinzi na viatu vya kutokea jioni ndani ya mfuko wa buti, ana haki ya kuuhesabu kuwa begi la pili na kuutoza ada. Namna ya pili, iliyoenea kwa mashirika ya bei nafuu ya Ulaya, hutoza ada maalumu kwa skii kwa kila upande wa safari na kuweka kikomo chake cha uzito kwa mfuko huo. Ada hiyo kwa kawaida huwa ndogo ikilipwa mapema kwenye mtandao na kubwa ikilipwa uwanjani.

Ugumu huzidi safari inapounganisha mashirika mawili. Abiria anayetoka Nairobi au Dar es Salaam hadi Geneva kwa tiketi moja, hata akibadilisha ndege njiani, hufuata kanuni moja ya mizigo ambayo huandikwa kwenye tiketi hiyo. Lakini akinunua tiketi moja hadi London, kisha tiketi nyingine ya bei nafuu kutoka London hadi Geneva, kila tiketi husimama peke yake. Kilo 46 zilizokubaliwa bila neno katika safari ya kwanza zinaweza kukutana na kikomo cha kilo 20 katika safari ya pili, na tofauti hiyo hulipwa kwa kilo, papo hapo, mbele ya foleni. Ruhusa ya mizigo, kwa hiyo, isomwe kwa kila tiketi, na kipande chenye kikomo kidogo zaidi ndicho kiwe kipimo cha safari nzima.

Hapa ndipo uchaguzi unapoanza, na swali lenye maana ni hili: ni kifaa gani ambacho hakiwezi kupatikana kule milimani kikiwa kizuri kama kile cha nyumbani? Wengi hudhani jibu ni skii, kwa kuwa ndizo ghali, ndizo ndefu na ndizo zinazoupa mchezo jina lake. Jibu sahihi ni buti. Buti ya skii hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita, kwa mfano 26.5, na hutakiwa kuukamata mguu kwa nguvu bila kuuumiza, kwa sababu kila kusudio la mchezaji hupita kwenye buti kabla ya kufika kwenye skii. Buti nyingi za sasa zina soksi ya ndani inayopashwa moto dukani ili ichukue umbo la mguu wa mwenyewe, na fundi huweza hata kulitanua ganda la plastiki mahali penye mfupa uliojitokeza. Buti iliyokwisha kutengenezwa hivyo ni kama miwani ya macho iliyopimwa hospitalini: kumwazima mtu mwingine hakumsaidii, na kuazima ya mwingine kunatesa. Mchezaji mwenye buti zisizomkaa vizuri hupata malengelenge, miguu hufa ganzi kwa baridi, na siku yake huishia kwenye mkahawa.

Skii, kwa upande wake, hukodishwa karibu kila kijiji cha milimani katika Alpi, na zinazokodishwa mara nyingi ni mpya kuliko zile zinazohifadhiwa stoo mwaka mzima. Fundi wa duka huvirekebisha vifungio kwa kuzingatia uzito wa mchezaji, kimo chake, umri, kiwango chake cha uchezaji na urefu wa soli ya buti, ili viachie kwa nguvu inayofaa asivunjike mguu. Msafiri anayekuja na buti zake anapaswa tu kulieleza duka mapema aina ya soli aliyonayo, kwa kuwa soli bapa za zamani na zile zilizopindwa kidogo kwa ajili ya kutembea, zinazojulikana kwa jina la GripWalk, haziingii salama katika kila kifungio. Ni jambo la sentensi moja katika barua pepe, nalo huokoa asubuhi nzima.

Kwa anayekwenda milimani wiki moja kwa mwaka, basi, uamuzi ulio bora ni kubeba buti, helmeti na mavazi, na kuziacha skii. Ada ya kusafirisha skii kwenda na kurudi mara nyingi hukaribia gharama ya kuzikodi, na aliyeziacha hupata zaidi ya unafuu wa uwanja wa ndege. Kijiji cha Zermatt nchini Uswisi, kwa mfano, hakiruhusu magari ya kawaida ya injini, hivyo mgeni hufika kwa treni na kuvuta mizigo yake mwenyewe kutoka jukwaa moja hadi jingine; mfuko wa mita 2 katika ngazi za stesheni iliyojaa watu ni mateso ambayo hakuna anayeyaona katika picha za matangazo. Helmeti ibebwe kwa sababu ni nyepesi, hukaa kwenye kichwa cha mwenyewe, na mwenyewe anajua kama imewahi kugongwa. Fimbo ni nyepesi lakini ni ndefu, na kukodi kwake ni rahisi, ziachwe.

Wako ambao hoja hii haiwahusu. Anayecheza siku nyingi kila msimu, anayeshindana, au anayepanda milima kwa miguu yake kabla ya kuteremka, ana sababu ya kushikamana na skii zake. Kwa huyu wa mwisho teknolojia imemsaidia sana. Katika miaka ya 1980 Mwaustria Fritz Barthel alibuni kifungio kinachoishika buti kwa pini ndogo za chuma badala ya mtambo mzito, na kutokana na wazo hilo, pamoja na skii za mbao nyepesi na nyuzi za kaboni, seti nzima ya skii na vifungio leo inaweza kuwa na kilo 3 au 4 tu, yaani karibu nusu ya zile za kawaida.

Aliyeamua kubeba kila kitu anapaswa kupanga kwa mantiki. Skii hugandamizwa tumbo kwa tumbo, yaani sehemu laini za chini zikitazamana, na breki zake, zile ncha mbili zinazoshuka skii inapochomoka mguuni, zikiingiliana ili vibao visiteleze. Hufungwa kwa mikanda miwili, mmoja karibu na ncha na mwingine karibu na mkia. Kingo za chuma za skii ni kali kiasi cha kukata kitambaa, kwa hiyo ncha na mikia, ambazo ndizo hupigwa zaidi mfuko unapoangushwa, hufunikwa kwa suruali ya theluji au sweta, na vifungio vinavyojitokeza hufunikwa kwa jaketi jepesi. Nguo hizo zingebebwa kwa vyovyote vile. Hapa zinafanya kazi mbili. Ikiwa shirika limekataza nguo ndani ya mfuko wa skii, kinga hiyo itafutwe kwa kitu kingine, na hapo uchaguzi wa mfuko wenye sponji ndani huanza kuwa na maana, japo sponji nayo ina uzito wake. Mfuko usio na magurudumu huokoa kilo 2 hivi ukilinganishwa na wenye magurudumu; ni akiba kubwa kwa mwenye nguvu za mabega na ni kosa kwa mwenye safari ndefu ya treni.

Nafasi tupu ndani ya vifaa isiachwe ipotee. Buti moja humeza jozi mbili au tatu za soksi na glavu, nayo helmeti humeza miwani ya theluji na kofia ya sufu. Ieleweke tu kwamba kujaza nafasi hakupunguzi uzito hata gramu moja. Ni ukubwa wa begi unaopungua. Wanaofurahia kwamba kila kitu kimeingia ndio ambao mara nyingi hushangazwa na mizani, kwa sababu begi dogo lililoshiba ni zito kuliko begi kubwa lenye hewa. Mzigo upimwe nyumbani kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ada ya kilo chache za ziada, na iachwe nafasi ya nusu kilo hadi kilo moja chini ya kikomo, kwa kuwa mizani ya nyumbani na ile ya kaunta hazikubaliani daima.

Sehemu ya abiria ndani ya ndege ni ghala la pili, nalo lina sheria zake. Begi la mkononi huruhusiwa uzito wa kati ya kilo 7 na 12 kutegemea shirika, na hapo ndipo buti zinapostahili kukaa. Uzito wake wa kilo 4 huondoka kwenye begi la kukabidhi, na lililo muhimu zaidi ni kwamba mzigo mkubwa ukichelewa, mwenyewe bado ana kile ambacho hawezi kukikodi kikiwa kizuri kama chake. Jaketi nene livaliwe mwilini au libebwe mkononi. Skii na fimbo haziruhusiwi kuingia na abiria. Kuvaa buti za skii zenyewe ndani ya ndege, njia ambayo baadhi ya watu huijaribu ili kukwepa mizani, haifai kabisa, kwa sababu mtu aliyezivaa hawezi kukimbia wala kushuka kwa usalama abiria wanapotakiwa kuihama ndege kwa haraka.

Vipo vifaa ambavyo mahali pake huamuliwa na hatari yake kuliko uzito wake. Betri za ziada za lithiamu, zikiwemo pawabenki na betri za glavu au soksi zenye joto, hazipaswi kuwekwa kwenye mzigo wa kukabidhi, kwa sababu betri hizo huweza kuwaka, na moto ulio mbele ya wahudumu hudhibitiwa mapema kuliko ule ulio tumboni mwa ndege. Zenye nguvu isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida hubebwa bila kuomba ruhusa, na zile za kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Dawa za kupuliza na vimiminika vya kusafishia skii vinavyoshika moto haraka viachwe nyumbani.

Kifaa kinacholeta utata zaidi ni begi la mgongoni la kujiokolea na maporomoko ya theluji, ambalo mchezaji anapovuta kamba hufumuka mfuko wa hewa unaomsaidia kubaki juu ya theluji inayoporomoka. Baadhi ya mabegi hayo hutumia mtungi wa gesi iliyoshindiliwa. Kanuni za kimataifa za bidhaa hatari humruhusu kila abiria begi moja la aina hiyo, kwa idhini ya shirika la ndege na likiwa limefungwa lisiweze kufumuka kwa bahati mbaya. Hata hivyo, Marekani ina msimamo mkali zaidi na haipokei mtungi uliojaa, hivyo anayekwenda huko husafiri na mtungi mtupu ulio wazi na kutafuta mahali pa kuujaza akifika. Aina mpya zinazotumia feni ya umeme huondoa tatizo la gesi, ila humrudisha mwenyewe kwenye kanuni za betri.

Afrika Mashariki imekwisha kuwa na watu ambao kwao hesabu hizi zilikuwa sehemu ya kazi. Mkenya Philip Boit alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, katika skii za masafa, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mwishoni ili amkumbatie. Skii za masafa ni nyembamba na nyepesi mno, buti zake ni laini kama viatu vya riadha, na seti nzima haikaribii uzito wa vifaa vya kuteremkia. Lakini urefu wake huweza kufikia mita 2 na kupita, jambo linaloonyesha jinsi uzito na ukubwa vinavyoweza kuachana njia. Miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya PyeongChang ya mwaka 2018, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika skii za kuteremka, akishiriki mbio za kasi ziitwazo super-G. Katika mashindano makubwa skii za wanawake kwa mbio hizo hutakiwa kuwa na urefu usiopungua sentimita 205, na skii za slalomu, zenye kona fupi fupi, hutakiwa kufikia angalau sentimita 155. Mshindani wa aina zaidi ya moja hulazimika kuwa na jozi tofauti kwa kila aina, pamoja na nyingine za mazoezi, kiasi kwamba kilo 23 hazitoshi hata kwa kuanzia. Kwa wanamichezo wa nchi zisizo na theluji wala wafadhili wakubwa, gharama ya kusafirisha vifaa ni kikwazo cha kweli, nacho hakionekani kwa mtazamaji wa televisheni anayeona sekunde 90 tu za mbio.

Safari ya kurudi ina hesabu yake, na ndiyo inayowashangaza hata walioondoka wakiwa chini ya kikomo. Soksi za ndani za buti hunyonya jasho na maji ya theluji, glavu na suruali hulowa, na mfuko wa skii wenyewe hukaa juu ya sakafu yenye unyevu. Maji hayo yote hupimwa kwenye mizani kama kitu kingine chochote. Soksi za buti zitolewe nje ya ganda na kukaushwa usiku wa mwisho, mbali na moto wa moja kwa moja unaoweza kuziharibu, nazo skii zifutwe mpaka zikauke kabla ya kufungwa, kwa sababu kingo za chuma zilizofungiwa na unyevu hupata kutu ndani ya siku chache.

Mfuko ukipotea, ukichelewa au ukivunjika, sheria inayotumika katika safari nyingi za kimataifa ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo unaweka ukomo wa fidia kwa kila abiria, wala si kwa kila begi, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni SDR 1,519, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho hubadilishwa kuwa fedha za nchi husika. Seti kamili ya skii na buti mpya inaweza kuzidi kiasi hicho kwa urahisi, hivyo mwenye vifaa vya thamani kubwa anaweza kutoa tamko maalumu la thamani anapokabidhi mzigo na kulipia ada yake, au akakata bima. Mzigo ukifika umeharibika, malalamiko ya maandishi hupelekwa kwa shirika la ndege ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwa mwenyewe. Skii iliyopinda au kifungio kilichovunjika springi huenda kisionekane mpaka mfuko ufunguliwe, na kwa hiyo ufunguliwe na kukaguliwa siku ileile ya kufika, hata kama msimu umekwisha na vifaa vinakwenda moja kwa moja stoo.